Sahihi Isiyo Yangu

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, mjini Dodoma, nilikuwa na somo la takwimu mara mbili kwa juma: Jumatatu saa moja asubuhi na Ijumaa saa nane mchana. Muhula ulikuwa wa majuma 15, kwa hiyo vipindi vilikuwa 30. Sheria ya chuo ilisema kwamba asiyefikisha asilimia 75 ya mahudhurio hafanyi mtihani wa mwisho. Kwa hesabu hiyo nilitakiwa kuwepo darasani mara 23. Nafasi ya kukosa ilikuwa mara saba tu.

Nilikuwa pia mwimbaji wa kwaya ya vijana, na muhula ule tulialikwa sana. Tuliondoka Ijumaa mchana, tukarudi Jumapili usiku wa manane, na Jumatatu saa moja mimi bado niko kitandani. Karatasi ya mahudhurio ilipopitishwa, rafiki yangu niliyekaa naye chumba kimoja alinisainia. Mara ya kwanza sikumwomba. Mara ya pili nilimwomba. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kusema neno. Dhamiri iliponisumbua nilikuwa na jibu tayari: nilikuwa kwenye kazi ya Mungu.

Jumatatu ya juma la 13 nilikuwepo. Mwalimu wetu, mama mpole asiyependa maneno mengi, alichukua karatasi, akahesabu sahihi, kisha akahesabu vichwa. Sahihi zilikuwa 64. Watu tulikuwa 51. Akasema, “Nawapa mpaka Ijumaa. Mwenye jambo aje ofisini mwenyewe. Baada ya hapo nitalinganisha miandiko, na majina yatakwenda kamati ya nidhamu.”

Jioni rafiki yangu aliniambia, “Kaka, tutulie. Hawezi kujua.” Nami nilitaka kutulia.

Jumatano tulikuwa na mazoezi ya kwaya, na desturi yetu ni kusoma Neno kwanza. Tulikuwa tumefika Injili ya Yohana, sura ya 20. Habari ya Tomaso nimeisikia tangu shule ya Jumapili, na siku zote nilisikia juu ya mashaka yake. Siku ile nilisikia kitu kingine: Bwana alipokuja mara ya kwanza, Tomaso hakuwepo. Wenzake kumi walikuwepo, walimpenda, wakamweleza yote. Lakini hakuna hata mmoja aliyeweza kumwona Bwana kwa niaba yake. Ilibidi awepo mwenyewe, siku nane baadaye. Na Bwana alimrudia.

Sikuimba vizuri usiku ule.

Alhamisi nilibisha hodi ofisini. “Shikamoo, Mwalimu.” Nilimweleza kila kitu, nikamwomba asimhesabie rafiki yangu kosa, maana alifanya kwa ajili yangu. Alitoa faili, tukapitia karatasi pamoja, naye akakata sahihi sita kwa kalamu nyekundu. Ukijumlisha na siku tatu nilizokosa bila kusainiwa, nilikuwa nimekosa mara tisa. Hata nisingekosa tena, ningefikisha vipindi 21.

“Mwanangu,” akasema, “siwezi kuandika kwamba ulikuwepo na hukuwepo. Lakini umekuja mwenyewe, kwa hiyo halitafika kamati, na mwenzako nitamwonya. Mwakani urudie somo.”

Kumpigia Mama simu kulikuwa kugumu kuliko kwenda ofisini. Ada yangu ilitoka kwenye karanga zake. Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, “Na hela ya kurudia itatoka wapi?” Sikuwa na jibu. Akasema, “Basi. Afadhali umeniambia wewe.” Likizo ile nilifanya kazi ya saidia fundi, nikabeba zege na matofali mpaka hela ikatimia.

Rafiki yangu alininunia majuma mawili. Mwalimu wa kwaya nilipomweleza hakunilaumu wala hakunisifu. Aliomba kila mwanafunzi amletee ratiba ya vipindi vyake, na tangu hapo safari zetu zikawa za Jumamosi asubuhi.

Mwaka uliofuata nilikaa darasani na wadogo zangu, nikahudhuria vipindi 29. Kimoja nilikosa kwa malaria, nikapeleka cheti cha daktari. Nilifaulu, tena safari hii nilijua nilichofaulu.

Wapendwa, hapa usharikani kwetu nasi tuna namna za kusainiana. Jumapili nimepokea mara nyingi bahasha ya jirani: “Nipelekee, leo sitafika.” Wengine ni wagonjwa, wengine wana wauguzi au zamu kazini, na Mungu anawajua. Lakini mimi najua pia siku nilizotuma bahasha yangu nikiwa mzima, nimekaa tu nyumbani. Bahasha ilifika, ikaandikwa kwenye daftari, na jina langu likaonekana limetoa. Mimi mwenyewe sikuwepo.

Ninaposhawishika kufanya hivyo tena, naikumbuka ile kalamu nyekundu, na namkumbuka Tomaso. Kisha navaa viatu, nakwenda. Mara nyingine nachelewa, nakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Lakini nipo.