Koo la Gari na Hewa ya Mlimani

Vijana wengi wenye magari hapa Moshi huamini kwamba injini ni kama mtu mwenye kiu: ukimpanulia mdomo, atakunywa zaidi. Basi humpelekea mkereza vyuma lile koo la hewa, ambalo gereji huliita throto, yaani kipande cha bomba chenye kisahani ndani kinachofunguka dereva anapokanyaga mafuta. Hukerezwa, likatiwa kisahani kikubwa zaidi. Gari likirudi, husema limeamka.

Mpwa wangu, anayeendesha Hiace ya petroli ya abiria kati ya Moshi na Marangu, alinijia na wazo hilo. Kila akiiacha Himo na kuanza kupanda, gari humlemea na abiria huguna. Fedha alikuwa nazo, ila nilijua kuwa ndizo zilizowekwa kwa ajili ya breki.

"Mjomba, wewe umefundisha fizikia. Nitapata nguvu au sipati?"

Nikachukua karatasi. Injini yake ni ya lita 2, yenye mapigo manne, kwa hiyo hujaza silinda zake zote mara moja kwa kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, hata silinda zijae kabisa, itavuta lita 5,000 za hewa. Koo hutengenezwa kiwandani kwa kufikiria mwendo mkali kama huo. Lakini mlimani, akiwa na watu na mikungu ya ndizi, injini huzunguka labda mara 2,500. Yaani pale penye shida ndipo inapotaka nusu tu ya hewa ile! Ukipanua kipenyo kutoka milimita 60 hadi 64, eneo la tundu hukua kwa karibu asilimia 14, lakini silinda ni zile zile, na valvu hazikuguswa.

Mbona basi wenye magari husema limeamka? Kwa sababu kisahani kikubwa, hata kikifunguka kidogo, huingiza hewa nyingi kuliko kile cha zamani. Mguu ukigusa tu, gari linaruka. Dereva hudhani ameongezewa nguvu, kumbe amepewa mapema ile ile aliyokuwa nayo. Anayebisha na achukue saa, apakie mzigo ule ule, akanyage mpaka chini kutoka Himo hadi Marangu Mtoni, kabla na baada.

Mwizi wa nguvu ni mlima wenyewe. Mwaka 1648 Mfaransa Florin Périer, kwa ombi la shemeji yake Blaise Pascal, alipanda mlima Puy de Dôme na bomba la zebaki, akaona zebaki inashuka kadiri anavyopanda. Moshi mjini ni kama meta 800 juu ya usawa wa bahari. Lango la Marangu ni karibu meta 1,900. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila meta 1,000. Tundu, hata liwe kubwa namna gani, haliinenepeshi hewa. Tabo huweza, maana huishindilia. Zile Toyota Celica zilizoshinda Safari Rally mwaka 1984, 1985 na 1986 zilikuwa na tabo. Na katika mashindano, ambako kanuni huibana njia ya hewa makusudi, tundu lina thamani kubwa: mwaka 1995 timu ya Toyota ilifungiwa miezi 12 kwa kuchezea kibano cha hewa cha tabo. Mpwa wangu alilipenda sana jambo hilo, nadhani kuliko hesabu zangu.

Tulipofungua chujio la hewa, lilikuwa limeshiba vumbi. Akalibadilisha, akasafisha koo lililojaa masizi, na injini ikaacha kutetemeka gari linaposimama. Kupanda, bado inapanda polepole. Fedha za mkereza zilinunua pedi za breki, na siku hizi akishuka kutoka Marangu na abiria wake huingiza gia ya pili tangu juu kabisa.