Kujaza Risasi Nyumbani: Faida au Hasara?

Katika mazungumzo ya wastaafu hapa Nateete kuna swali ambalo huzuka kila anaporejea kijana aliyefanya kazi ya ulinzi huko Iraki pamoja na Wamarekani. Vijana hao husimulia kwamba kule Marekani raia mwenye bunduki yake huokota maganda ya risasi alizokwisha kupiga, huyachukua nyumbani, huyajaza upya juu ya meza yake mwenyewe, na wiki inayofuata huzipiga tena. "Mzee," aliniuliza mmoja wao, "wewe umelinda ghala la silaha miaka mingi. Kwa nini sisi hatufanyi hivyo? Si ni kuokoa fedha?"

Swali hilo si la kudharauliwa. Mwenye kupenda kuweka akiba anastahili kujibiwa kwa hesabu, si kwa kukemewa. Basi na tuifanye hesabu hiyo pamoja.

Risasi moja kamili ina sehemu nne: ganda, fataki iliyo kitakoni mwa ganda, baruti iliyo ndani, na kichwa kinachoruka kwenda shabahani. Bunduki inapolia, fataki, baruti na kichwa havirudi tena. Kinachobaki ni ganda tu. Nalo ganda la shaba iliyochanganywa na zinki ndilo lenye gharama kubwa katika utengenezaji, na likitunzwa vizuri huweza kujazwa mara kadhaa kabla halijachoka na kupasuka. Hapo ndipo ilipo akiba wanayoizungumzia Wamarekani.

Lakini si kila ganda hukubali kazi hiyo. Risasi nyingi za bunduki zilizotoka nchi za Mashariki, ambazo askari wetu wanazifahamu sana, zina maganda ya chuma yaliyopakwa rangi, na fataki yake hukaa kwa namna ambayo kuing'oa ni taabu tupu. Ganda la namna hiyo lilikusudiwa kutumika mara moja. Kwa hiyo, hata kabla ya kugusa kalamu, sehemu kubwa ya akiba hiyo imekwisha kutoweka.

Sasa tuseme, kwa mfano tu, kwamba vyombo vya kujazia, yaani mashine ya mkono, mizani na vifaa vya kupimia, vinagharimu sawa na risasi elfu moja za dukani. Tuseme pia kwamba risasi uliyoijaza mwenyewe inagharimu nusu ya ile ya dukani. Ili vyombo virudishe gharama yake, sharti ujaze risasi 2,000. Mlenga shabaha wa Marekani anayepiga risasi 200 kila mwezi atafika hapo katika miezi 10, na baada ya hapo ataanza kula faida. Lakini raia wa Uganda mwenye cheti cha kumiliki bunduki, ambaye pengine hupiga risasi 50 kwa mwaka ili mkono usisahau, atahitaji miaka 40. Atakapoanza kupata faida, macho yake hayataiona shabaha.

Tusisahau na saa zake. Mtu makini anayetumia mashine ndogo ya mkono, akijaza risasi 50 kwa saa moja, atatumia saa 40 kwa risasi hizo 2,000. Hiyo ni wiki nzima ya kazi. Ni saa za shamba, za duka, za kuwafundisha watoto masomo yao. Wamarekani wengi hukiri wenyewe kwamba hawafanyi kazi hiyo kwa ajili ya fedha. Huifanya kwa kuipenda, na kwa kutafuta risasi inayolenga sawasawa zaidi. Hiyo ni burudani, na burudani haina haja ya kuvishwa joho la akiba.

Hata hivyo, nisieleweke kwamba kazi hiyo ni ya kigeni au kwamba inaushinda ustadi wetu. Hapa hapa Nateete, katika karne ya 19, ndipo alipokaa Alexander Mackay, Mskoti aliyekuwa mhandisi na mmisionari, aliyefika Buganda mwezi wa Novemba 1878. Kabaka Mutesa wa Kwanza alimthamini sana kwa sababu mikono yake iliweza kutengeneza vyombo, zikiwamo bunduki zilizoharibika. Mackay aliondoka Buganda Julai 1887, akafariki Februari 1890 huko Usambiro, kusini ya Ziwa. Wala si yeye peke yake. Waganda walikuwa na mafundi wao hodari. Mmoja wao, Kisule, alisifiwa na Lugard katika kitabu chake cha mwaka 1893 kwa ufundi wa kutengeneza bunduki.

Katika enzi hiyo kutengeneza na kujaza tena kulikuwa na faida kubwa, na sababu yake ni njia. Baruti na risasi zilitoka Zanzibar, zikapita Bagamoyo na Tabora vichwani mwa wapagazi kwa muda wa miezi mingi, na zililipiwa kwa pembe za ndovu na, kwa aibu kubwa, kwa watumwa. Tena, kwa Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, mataifa ya Ulaya yaliweka vikwazo juu ya kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu hii ya Afrika. Mahali ambapo duka liko mbali miezi kadhaa, fundi ni mfalme. Na baruti ya siku hizo, ile nyeusi yenye moshi mwingi, ilikuwa na nguvu ndogo, ikisamehe makosa madogo ya kipimo. Baruti isiyo na moshi, iliyovumbuliwa na Paul Vieille wa Ufaransa mwaka 1884, haisamehi. Kosa dogo la mizani laweza kuipasua bunduki mbele ya uso wa mwenye kuilenga.

Leo njia imefupika. Uganda ina kiwanda cha Luwero Industries huko Nakasongola, chini ya shirika la NEC la jeshi. Tanzania ina Shirika la Mzinga mjini Morogoro, na Kenya ina kiwanda chake Eldoret. Kiwanda hupima kila kundi la risasi kwa vyombo ambavyo hakuna meza ya nyumbani itakayovipata. Na kwa upande wa sheria hakuna mjadala: Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 haimruhusu mtu kujitengenezea risasi kienyeji. Katika ghala nililolilinda, kila risasi iliyotoka ilirudi ikiwa risasi au ikiwa ganda. Askari waliokuwa wakilalamika kuinama juani kuokota maganda niliwajibu kwa methali: mali bila daftari hupotea bila habari. Risasi iliyojazwa uani haina daftari. Siku itakapomuua mtu, hakuna atakayejua imetoka wapi.

Lakini hoja iliyo nzito kuliko zote kwangu ni ya nyumba. Lugha yetu yenyewe inatuonya, kwa kuwa "risasi" ni jina la kinachotoka kwenye bunduki, na pia ni jina la madini yale mazito ya kijivu. Madini hayo huyeyuka upesi juu ya moto wa mkaa. Mtu anayeyayeyusha ili atengeneze vichwa vya risasi, iwe jikoni au kibarazani, hueneza sumu. Vumbi lake hukaa sakafuni, huingia kwenye nguo na kwenye sufuria, na mtoto anayetambaa huipeleka kinywani. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiasi cha madini hayo kinachojulikana kuwa salama. Huharibu ubongo wa mtoto polepole, bila homa wala kilio, mpaka mwalimu anapoanza kulalamika kwamba mtoto haelewi. Onyo hili linawahusu pia wanaoyeyusha betri kuukuu za magari kwa biashara. Je, ni akiba gani itakayolipia akili ya mtoto?

Na baruti ikihifadhiwa vibaya hufanya nini? Wakazi wa Dar es Salaam wanakumbuka milipuko ya maghala ya jeshi, kule Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 na kule Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, iliyoua watu wengi. Hayo yalikuwa maghala yenye walinzi. Katika vyumba vyetu vya kupanga, ambamo jiko la mkaa, mtungi wa mafuta ya taa na kitanda cha watoto vimetenganishwa na pazia moja, kopo la baruti halina mahali pa kukaa.

Kwa hiyo jibu langu kwa kijana yule, na kwa wote wenye swali kama lake, ni hili: kwa Mackay na Kisule, faida ilikuwapo, kwetu sisi, rahisi ni ghali.

Nawaomba akina mama na wajane wa askari walichukue neno moja la mwisho. Mkifungua sanduku la marehemu mkakuta risasi au kitu msichokielewa, msiwape watoto wachezee, msikitupe motoni wala shimoni, na msimwuzie mnunuzi wa vyuma chakavu. Kiacheni pale kilipo, waondoeni watoto chumbani, kisha mwende kituo cha polisi kilicho karibu mkaeleze, ili waje wenye ujuzi wakichukue. Kazi hiyo haina gharama ya senti moja, na huchukua saa moja tu.