Mama na Milima ya Uluguru

Rwanda haina reli, kwa hiyo treni ya umeme ya SGR, iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Morogoro mwaka 2024, ndiyo treni ya kwanza mama kuipanda. Saa mbili hazikutimia tukafika. Kuona Uluguru mbele yake, wingu limekaa juu, akachangamka. Joto la Dar lilikuwa limemchosha, tena alilalamika kwamba huko hakuna hata kilima cha kutazama.

Tulipanda kuelekea Morningside, penye nyumba ya zamani iliyojengwa na Wajerumani. Mimi na mdogo wangu tulihema. Mama alitangulia, akiwasalimu kwa Kiswahili chake cha sokoni wanawake waliokuwa wakishuka na ndizi kichwani. Mmoja akamuuliza, "Huko juu mnafuata nini, dada yangu?"

Mama akakosa jibu. Kwetu pia mtu hapandi mlima bila jembe au dumu la maji. Akanigeukia mimi, msomi wa Kiswahili.

"Shikamoo mama," nikasema. "Tunatembea tu."

Wakatazamana, wakacheka. Mama akanunua chane mbili za ndizi, akajitwisha, akaendelea kupanda.