Jordan, Iverson ao Curry? Mutombo ndiye kipimo

Kwenye viwanja vya mpira wa kikapu vya Goma, Bukavu, Lubumbashi na Kinshasa kuna mabishano yasiyoisha: kati ya Michael Jordan na Stephen Curry, nani mkubwa zaidi? Wazee wanasimama na Jordan, na hoja yao ni vikombe 6. Vijana wanasimama na Curry, ambaye ana vikombe 4 lakini amefunga mitupo ya pointi tatu zaidi ya 4.000. Kila upande unatoa simu mfukoni na kusoma hesabu. Giza linaingia, watu wanarudi nyumbani, na hakuna aliyemshawishi mwenzake.

Shida ni kwamba hesabu peke yake haitoshi. Mfano mzuri ni Oscar Robertson na Russell Westbrook. Katika msimu wa 1961-62, Robertson alipata kwa wastani pointi 30,8, ribaundi 12,5 na pasi za kufungia 11,4 kila mechi. Ikapita miaka 55 ndipo Westbrook, msimu wa 2016-17, akapata pointi 31,6, ribaundi 10,7 na pasi 10,4. Kwa kusoma tu mtu atasema wamelingana. Lakini wakati wa Robertson kila timu ilikuwa inatupa mpira kikapuni zaidi ya mara 100 katika mechi moja, na mitupo mingi ilikosa, kwa hiyo ribaundi zilikuwa nyingi. Wakati wa Westbrook timu ilitupa kama mara 85. Kwa upande mwingine, Robertson hakuwa na mstari wa pointi tatu. Mstari huo uliingia NBA mwaka 1979, yeye akiwa ameisha kustaafu. Hesabu zinafanana, kazi haikufanana.

Basi, ni kipimo gani kitumike? Kongo inacho kimoja ambacho watu wanakisahau: Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa, mwenye urefu wa mita 2,18. Kwa misimu 18, toka 1991 hadi 2009, kazi yake ilikuwa kusimama chini ya kikapu na kuwazuia wanaokuja. Alizuia mitupo 3.289, na katika historia ya NBA ni Hakeem Olajuwon tu anayemzidi. Kila mlinzi mkubwa wa miaka hiyo alipaswa kutafuta namna ya kumpita. (Jina hili la mlinzi linadanganya kidogo. Katika mchezo huu mlinzi ni yule mfupi anayedundisha mpira toka nyuma na kuanzisha mashambulizi.)

Tuanze na Jordan. Msimu wa 1986-87 alifunga pointi 3.041, na ndani yake mitupo ya pointi tatu ilikuwa 12 tu. Katika misimu yake yote 15 alifunga 581 ya namna hiyo. Maana yake ni kwamba pointi zake karibu zote alizitafuta ndani, katikati ya watu warefu. Tena wakati ule sheria haikuwa kali kwa yule aliyemwekea mkono mwenye mpira ili kumpunguza mwendo. Njia ya Jordan ilipita pale pale Mutombo aliposimama. Mwaka 1991, Mutombo akiwa mgeni katika ligi na timu ya Denver, Jordan alifumba macho mbele yake na kufunga mtupo huru. Mwaka 1997, Mutombo akiwa Atlanta, Jordan aliruka juu yake, akapachika mpira, kisha akamtikisia kidole, ile ile ishara ya kukataza ambayo Mutombo aliijulisha dunia nzima. Kumtikisia Mutombo kidole kulikuwa na maana kwa sababu wachache waliweza.

Allen Iverson ni hadithi nyingine. Alikuwa na mita 1,83 tu, lakini mwaka 2001 alichaguliwa mchezaji bora wa NBA kwa wastani wa pointi 31,1. Anayesoma asilimia leo atamcheka: alifunga kama mitupo 42 tu kati ya 100. Lakini aangalie nani alikuwa nyuma yake. Mwaka ule ule, katikati ya msimu, Mutombo aliingia Philadelphia, na alikuwa kinara wa ribaundi katika ligi nzima. Iverson alipokosa, kulikuwa na mtu mrefu wa kuufuata mpira. Iverson alipoacha nafasi yake ili kunyang'anya mpira wa adui, kulikuwa na mtu wa kufunga mlango. Katika mechi ya kwanza ya fainali huko Los Angeles, Iverson alifunga pointi 48 na Philadelphia ikashinda. Lakers walichukua mechi nne zilizofuata na kikombe. Hata hivyo, ile mechi moja inaonesha kwamba mlinzi hapimwi peke yake. Anapimwa pamoja na watu waliombeba.

Kisha sheria zikageuka. Toka msimu wa 2001-02, mlinda kikapu hakuruhusiwa tena kukaa chini ya kikapu zaidi ya sekunde tatu kama hayuko karibu na mtu anayemkaba. Mwaka 2004 waamuzi walianza kuadhibu kwa ukali mkono unaowekwa juu ya mwenye mpira. Barabara iliyokuwa na vizuizi ilifunguliwa, na wa kwanza kufaidika walikuwa walinzi. Wazee wanaposema kwamba vijana wa leo hawaguswi, hawasemi uongo.

Lakini wanasahau jambo moja. Mutombo aliumia goti na kuacha mchezo mwezi wa nne mwaka 2009. Mwezi wa sita mwaka ule ule, Curry alichaguliwa wa 7 na Golden State. Hawakukutana, na ni kama ligi ilibadilisha ukurasa. Msimu wa 2015-16 Curry alitupa mitupo ya pointi tatu 886, kama 11 kila mechi, akafunga 402. Jordan alihitaji misimu 15 kufikisha 581. Mstari ule haukuwekwa kwa ajili ya Curry. Ulikuwepo toka 1979, na Jordan naye aliukuta. Curry alifanya yale ambayo wengine hawakuthubutu. Anatupa toka mita 8 ao 9, na mtu mrefu analazimika kutoka chini ya kikapu kumfuata. Akitoka, nyumba inabaki wazi na wenzake Curry wanaingia. Asipotoka, anafungwa toka mbali.

Kwa hiyo jibu ni hili: Jordan aliushinda ukuta, Curry ameuhamisha ukuta. Kumtukana mmoja kwa kutumia kazi ya mwingine ni kukosa haki, na hasara yake inawafikia watoto. Kuna kocha anayemkataza mtoto kutupa mbali kwa sababu mwenyewe alikua akimtazama Jordan. Na kuna mtoto wa miaka 11 anayerusha mpira toka katikati ya uwanja kwa nguvu za mabega, anakosa mara 20, na anaamini anafuata njia ya Curry. Haifuati. Curry alipokuwa shule ya sekondari, baba yake, Dell, ambaye naye alikuwa mtupaji hodari wa NBA, aliona kwamba anauanzisha mtupo chini, karibu na kiuno. Wakaanza upya kuinua mikono juu, na kwa majuma mengi Curry hakuweza kutupa isipokuwa karibu kabisa na kikapu. Umbali ulikuja baadaye, hatua kwa hatua.

Mutombo alifariki tarehe 30 Septemba 2024, akiwa na miaka 58. Mtoto akiuliza kati ya Jordan na Curry nani bora, kocha amsimamishe kwanza pale ambapo Mutombo alikuwa anasimama, chini ya kikapu. Ajifunze kufunga pale, mtu mrefu akiwa mbele yake. Akiisha kuweza, arudi nyuma hatua moja.