Maji ya Tudor na Walinzi Wake

Msomaji akiitazama ramani ya Mombasa ataona kwamba mji huo ni kisiwa kilichokumbatiwa na mikono miwili ya bahari. Mkono wa kusini ni Kilindini, penye magati na meli kubwa za mizigo. Mkono wa kaskazini huingia chini ya kuta za Ngome ya Yesu, hupita Bandari ya Kale na majumba ya Mji wa Kale, hupita chini ya daraja la Nyali, kisha hujipanua kama ziwa mbele ya mtaa wa Tudor. Kutoka hapo hori hilo huendelea kuelekea kaskazini-magharibi kadiri ya kilomita kumi, mpaka penye mito ya Kombeni na Tsalu, ambayo hujaa wakati wa masika na kukauka wakati wa kiangazi.

Mtu asimamaye ukingoni mwa Tudor wakati wa bamvua huona jambo la ajabu. Asubuhi maji yamejaa hata yanagusa matawi ya mikoko. Baada ya saa sita hivi yamekupwa zaidi ya mita tatu, na pale palipoelea mitumbwi pamebaki tope, kaa na ndege wa pwani. Maji hayo yanayoingia na kutoka mara mbili kila siku ndiyo uhai wa mahali hapo. Kamba na samaki wengi wa baharini hukulia katika mizizi ya mikoko wakiwa wadogo, kisha hutoka kwenda kwenye miamba na kina kirefu. Kwa hiyo mvuvi wa Nyali aliye mbali na hori hula matunda ya Tudor bila ya kujua.

Hori hilo lilikuwa barabara kabla ya kuwako barabara. Wamisionari Krapf na Rebmann, walipoanzisha kituo chao Rabai katika mwaka wa 1846, walipanda mashua kutoka mjini, wakalifuata hori mpaka mwisho wake, kisha wakapanda vilima kwa miguu. Wafanya biashara wa mji na Wamijikenda walikuwa wamekwisha kuijua njia hiyo tangu zamani. Na kila njia ipitayo mali hupita wezi pia. Ndiyo sababu maji haya yamekuwa na walinzi wa namna nyingi.

Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka wa 1593, waliiweka pale mlangoni ili chombo chochote kisiingie bila ya kuonekana. Waomani waliizingira tangu Machi 1696 mpaka Desemba 1698, walipoitwaa. Katika muda wote huo waliomo ngomeni walitazama baharini kungoja msaada, maana ngome isiyofikiwa na merikebu ni gereza la walinzi wenyewe.

Ulinzi wa namna nyingine ulitokea katika karne ya kumi na tisa. Katika Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mapatano ya kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Manowari za Waingereza zikawa zinazunguka pwani zikikamata majahazi yaliyobeba watu. Mwaka wa 1875 chama cha misioni cha CMS kilianzisha kijiji cha Frere Town ng'ambo ya Mji wa Kale, ili waliookolewa wapate mahali pa kuishi. Kengele ya kijiji hicho ingaliko mpaka leo, na mahali hapo huitwa Kengeleni. Husimuliwa na wazee kwamba iligongwa kuwaonya watu kila yalipoonekana majahazi ya wauza watumwa. Hivyo watu waliokombolewa walikuwa walinzi wao wenyewe.

Kazi hiyo haikuwa mchezo. Katika Desemba 1881, karibu na Pemba, Kapteni Brownrigg wa manowari iitwayo London alikaribia jahazi moja lililotweka bendera ya Kifaransa. Alikusudia kutazama hati zake tu. Ndani mlikuwa na watumwa, na watu wa jahazi wakamshambulia wakamwua. Tangu siku hizo mabaharia wa doria wamejua kwamba bendera peke yake haisemi kilichomo ndani ya chombo.

Katika karne ya ishirini ulinzi ukapata sura ya jeshi. Mwaka wa 1933 kiliundwa Mombasa kikosi cha wanamaji wa kujitolea. Mwaka wa 1950 nchi za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja zilishirikiana kuwa na kikosi kimoja cha wanamaji, makao yake yakiwa Mombasa. Kikavunjwa mwaka wa 1962. Jeshi la Wanamaji la Kenya lilizaliwa Desemba 1964, na kituo chake kikuu kiko Mtongwe. Tudor nayo ilitoa mchango wake, maana pale ndipo ilipojengwa ile Taasisi ya Mombasa ya Elimu ya Kiislamu, iliyofunguliwa mwaka wa 1951, na miongoni mwa mafunzo yake yalikuwamo ya mitambo ya vyombo na ubaharia. Siku hizi mahali hapo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa.

Lakini jeshi kazi yake ni vita, na mambo mengi ya pwani si vita. Mwenye kuvua kwa wavu uliokatazwa si adui wa nchi. Ni jirani aliyevunja sheria. Hapo zamani kazi za namna hii ziligawanywa kati ya polisi, forodha, idara ya uvuvi na wengineo, kila mmoja akiwa na mashua zake na amri zake. Kwa ajili hiyo Bunge la Kenya lilitunga Sheria ya Walinzi wa Pwani katika mwaka wa 2018, na tarehe 19 Novemba mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta akakizindua kikosi hicho Liwatoni, upande wa Kilindini. Wajibu wake ni kuzuia magendo, uvuvi haramu, dawa za kulevya, usafirishaji wa watu na uchafuzi wa maji, na kuwaokoa walio hatarini, baharini na maziwani pia. Meli yake kubwa, iitwayo Doria, iliundwa Bangladesh na ina urefu wa mita 54. Hiyo ni meli ya bahari kuu. Kwa hori kama la Tudor, panapotakiwa kupenya kati ya mikoko, yafaa mashua ndogo na mtu aijuaye mikondo.

Na katika hori hilo kazi haikosekani. Misitu yote ya mikoko ya pwani ya Kenya ilitangazwa kuwa mali ya serikali tangu mwaka wa 1932, hata hivyo mikoko ya Tudor imekatwa mno. Kati ya mwaka wa 1992 na 2009 sehemu kubwa yake ilitoweka. Wengine waliikata kwa nguzo, wengine kwa kuni, na wengine kwa kupikia chang'aa iliyofichwa humo humo matopeni. Mvua kubwa za El Niño za 1997 na 1998 zilileta udongo mwingi ukaifunika mizizi. Maji machafu ya mji nayo humiminika humo. Kisha wako wavuvi watumiao juya, lililokatazwa Kenya tangu mwaka wa 2001, maana hukokota chini na kuchukua wakubwa na wadogo pamoja.

Hapa ndipo penye ugumu wa kweli. Mwenye mtumbwi wa Tudor au Mikindani hana mashine ya kumpeleka nje ya miamba wakati wa kusi. Watoto wake hungoja chakula jioni ile ile. Mlinzi akimnyang'anya wavu, nyumba moja italala njaa usiku huo. Akimwachia, samaki wadogo watamalizwa, na baada ya miaka michache nyumba mia zitalala njaa, pamoja na ile ya kwanza. Sheria peke yake haiwezi kulifungua fundo hili. Ndiyo maana vikundi vya wavuvi vya kusimamia fuko zao, vilivyowekewa kanuni mwaka wa 2007, vina thamani kubwa. Humo mvuvi humwonya mvuvi mwenzake kabla ya askari kufika. Vivyo hivyo vikundi vya kina mama na vijana vinavyopanda miche ya mikoko katika hori hilo hufanya kazi ya ulinzi, ingawa hawavai sare.

Jirani zetu wa Unguja na Pemba wana kikosi chao, KMKM, yaani Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo. Visiwani adui wa zamani alikuwa magendo ya karafuu, zilizovushwa usiku kutoka Pemba kuja pwani ya Kenya. Lakini wananchi wengi wa huko wanakikumbuka zaidi kwa siku za msiba: tarehe 10 Septemba 2011, ilipozama meli ya Spice Islander karibu na Nungwi, na tarehe 18 Julai 2012, ilipozama Skagit karibu na Chumbe. Mombasa nayo haijasahau tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe kilipopinduka na kuua watu zaidi ya 270. Na mwaka wa 2019, motokaa ilipotumbukia Likoni tarehe 29 Septemba ikiwa na mama na mtoto wake, haikutolewa mpaka tarehe 11 Oktoba. Siku zile wananchi walijifunza kwamba kuwa na kikosi ni jambo moja, na kuwa na wapiga mbizi na vyombo tayari ni jambo jingine.

Kwa hiyo walinzi wa pwani watapimwa kwa mambo mawili: wepesi wao wa kufika penye hatari, na haki yao mbele ya mnyonge. Nao wakaao kandokando ya maji wana pimo lao. Wahenga wa pwani walisema, “Mchama ago hanyele, huenda akauya papo.” Maji ya Tudor hutoka kila siku, lakini kila siku hurudi, na hurudi na kile kile tulichoyatwika.