Nilimwita mshikaji mwizi, kumbe mwizi sensa!

Wiki hii sina stori ya mapenzi. Nina soo langu mwenyewe, na nalimwaga hadharani kwa sababu nililianzisha hadharani.

Marehemu baba alituachia Corolla, zile za miaka ya 90. Tukaifanya teksi. Dereva alikuwa mshikaji wangu tangu tuko kidato cha pili. Makubaliano yalikuwa rahisi: mafuta juu yake, hesabu shilingi 20,000 kwa siku. Hiyo ndiyo ilikuwa ada ya mdogo wangu na dawa za presha za bi mkubwa.

Ghafla hesabu ikaanza kupungua. Leo 14,000, kesho 10,000. Nikimuuliza, jibu lake moja tu: "Mwana, gari linakunywa mafuta kinoma." Mimi nikajua huo ni usanii. Jumamosi moja nikamfuata kijiweni, nikamwambia mbele ya madereva wenzake kwamba yeye ni mwizi, alete ufunguo. Hakubisha. Aliuweka juu ya boneti, akachapa lapa.

Jumatatu nikaingia barabarani mwenyewe. Basi bwana, siku tatu tu nikawa mdogo! Mafuta ya kutwa nzima yanaisha saa saba mchana. Asubuhi gari linawaka vizuri, lakini likishapata joto, ukilizima kidogo kuliwasha tena ni kasheshe. Nyuma linatoa moshi mweusi unaonuka petroli.

Fundi wa kwanza akabadilisha plagi, maana za zamani zilikuwa nyeusi kama mkaa. Siku nne tu, na mpya zikawa hivyo hivyo. Wa pili akataka ninunue pampu ya mafuta. Mshiko sina! Ndipo jirani akanielekeza kwa mzee mmoja pale Gerezani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Thamostati ipo, au mafundi wenu wameshaitupa?"

Ilikuwepo. Akasema afadhali, kwa sababu injini isiyo na thamostati huchelewa kupata joto na yenyewe hula mafuta. Akawasha gari, akaliacha lingurume. Mshale wa joto ukapanda mpaka katikati ukatulia, lakini moshi mweusi haukukoma.

"Unaona? Mshale unasema injini imepata joto. Kompyuta inadhani bado ni baridi, kwa hiyo inazidi kumwaga mafuta."

Nikauliza vipi viwili hivyo visikubaliane. Akanionyesha: gari hili lina sensa mbili za joto la maji. Yenye waya mmoja ni ya mshale wa dashibodi. Yenye waya mbili inaipa habari kompyuta. Moja inaweza kufa, nyingine ikabaki nzima.

Akachukua kipande cha waya, akaunganisha matundu mawili kwenye kiboksi kidogo chini ya boneti, yaliyoandikwa TE1 na E1, kisha akafungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini ikawa inapepesa kwa mpigo mmoja, maana yake hakuna kosa. Angeona namba 22, ingekuwa ni sensa hiyo. Nikanyong'onyea.

Mzee akacheka. "Taa hii inajua waya ukikatika au ukipiga shoti tu. Sensa inayodanganya kidogo kidogo haiioni. Dawa yake ni kupima."

Akachomoa soketi, akaweka mita. Injini ikiwa kwenye nyuzi 80, alisema, mita inatakiwa isome kati ya omu 200 na 400, kwa sababu ukinzani wa sensa hii hushuka kadiri joto linavyopanda. Yangu ilisoma 1,900!

Tukasubiri injini ipoe kabisa, kwa sababu ukifungua mfumo wa maji ukiwa wa moto utaungua uso. Akaifungua sensa, akaitumbukiza kwenye kopo la maji yanayochemka juu ya jiko la mama lishe wa jirani. Ilishuka mpaka 1,600, ikagoma. Ile niliyoinunua dukani ilianza karibu 1,800, na kwenye maji yale yale ikashuka mpaka karibu 200. Hata mama lishe alielewa.

Kuifunga haikuchukua dakika kumi. Washa mpya, kukaza kwa kiasi maana pale inapokaa ni aluminiamu, kuongeza maji yaliyomwagika na kutoa hewa. Akachomoa waya wa betri kwa dakika moja ili kompyuta isahau ya zamani. Gari likawaka kwa mguso mmoja. Moshi kwisha.

Nikafika nyumbani nachekelea. Bi mkubwa hakucheka. "Yule kijana ulimwita mwizi mbele ya watu. Kamwambie si mwizi mbele ya watu hao hao."

Wasomaji wangu, kukaza ile sensa ni rahisi kuliko safari ile ya kijiweni. Jumamosi iliyofuata nilisimama pale pale, nikaishika sensa mbovu mkononi, nikasema yote. Mshikaji alikuwa ameegemea bodaboda ya kuazima. Akaniangalia mpaka jasho likanitoka.

"Wiki mbili watu walikuwa wananificha pochi zao," akasema. Halafu: "Leta ufunguo. Ila wiki ya kwanza hesabu ni nusu."

Nikakubali kabla hajamaliza. Hesabu sasa inakuja 20,000 kamili, ila kwenye salamu bado ananikatia kidogo. Nastahili.

Kwa hiyo ndugu yangu, gari lako likianza kunywa, tafuta mita kabla hujatafuta mchawi. Tukutane wiki ijayo, nitarudi na mapenzi.