Tupunguze Kilele, Tusipunguze Sauti



Sisi wa sita Math-Physique tunasumbuka sana na mawimbi. Leo nataka kuwaelezea jambo moja ambalo linanisaidia hata katika kazi yangu ya doyen. Ni juu ya jeneratere ya mawimbi: si ile mashine ya mazuti yenye kutoa mwanga, lakini kile chombo cha laboratware chenye kutoa umeme wa kupanda na kushuka kwa frekwensi tunayotaka.

Tuseme tunatoa mawimbi 4 pamoja: herzi 1000, 1100, 1200 na 1300, kila moja linapanda mpaka volti 1. Kama yote yanaanza kileleni pamoja, yanajumlishana: volti 4! Na jambo hilo linarudi mara 100 kila sekonde. Katika rezistansi ya omu 1, kilele ni wati 16, kumbe wastani ni wati 2 tu. Amplifikateri inapaswa kubeba zile 16. Ikishindwa, inakata kichwa cha wimbi, na wimbi lililokatwa linazaa frekwensi zingine ambazo hakuna mtu aliyeziomba, zinaenda kusumbua majirani.

Mtu wa haraka atasema: punguza nguvu ya yote. Ndiyo, kilele kitashuka, lakini yote yatasikika kidogo. Njia nzuri njo hii: geuza wimbi la nne tu, lianze chini wakati mengine yanaanza juu. Chukueni kalamu, muhesabu: kilele hakipiti tena volti 2,83, ni kusema wati 8. Nusu! Na wastani unabaki wati 2 vile vile. Hakuna aliyenyamazishwa.

Marcel Golay, mzaliwa wa Uswisi, aliandika mwaka 1961 juu ya mipango ya namna hii ya alama za kujumlisha na kutoa. Mwaka 1970 Manfred Schroeder, mwanafizikia Mjerumani, alitoa kanuni ya kupanga mianzo ya mawimbi mengi. Lakini dawa hii haiponyeshi yote. Katika simu za leo, mara nyingi mwanzo wa wimbi ndio unaobeba habari, huwezi kuugeuza ovyo. Huko mafundi wanatumia njia zingine, kama kukata kilele kwa kipimo, kisha kuchuja uchafu.

Sasa tuangalie mlango wa refektware saa sita. Kengele inalia, madarasa yote yanaanza pamoja, na wadogo wa mwaka wa kwanza wanabanwa ukutani. Wengine wananiambia: doyen, piga kelele, fukuza watu. Mimi nasema: chakula ni kile kile, watu ni wale wale, tupange mianzo tu. Wadogo watangulie, sisi wa sita tufuate nyuma.

Wakubwa wenzangu, tutakubali kuwa lile wimbi la nne?